Urea, SA au CAN: mbolea ipi ya nitrojeni kwa mpunga na mahindi ya ardhi yenye chumvi?

Mkulima wa bonde la chini la Mto Ruvu, wilayani Bagamoyo, anaposimama kwenye duka la pembejeo akiwa na fedha za mifuko michache ya mbolea ya kukuzia, huwa anachagua kati ya majina matatu: urea, SA (salfati ya amoniamu) na CAN (nitrati ya amoniamu yenye kalisi). Zote tatu zina nitrojeni, na katika shamba lisilo na chumvi tofauti zao mara nyingi huishia kwenye bei na unyevu wa udongo. Katika shamba linalofikiwa na maji ya bahari mambo ni mengine. Mto ukipungua wakati wa kiangazi, bamvua, yaani maji makuu ya bahari, husukuma maji ya chumvi kuelekea juu. Kwingine chumvi hupanda kutoka chini ya ardhi na kuacha ukoko mweupe juu ya matuta ya majaruba. Hapo tofauti za mbolea huingia ndani ya mmea wenyewe, kwa sababu kila aina ya nitrojeni hupita kwenye vimeng'enya vyake (vichocheo vya kazi za kikemia ndani ya seli) kabla ya kuwa protini, na chumvi haivigusi vimeng'enya vyote kwa kiwango kimoja.

Makala haya yanamlenga mkulima, bwana shamba, na pia mwanafunzi wa kilimo anayepanga jaribio na hajui aanze na chanzo kipi cha nitrojeni.

Vigezo vya kulinganishia

Kila mbolea itapimwa kwa vigezo vinne. Cha kwanza ni njia ya vimeng'enya: nitrojeni inaufikia mzizi katika umbo gani, na ni vimeng'enya vipi vinavyoipokea. Cha pili ni chumvi ambayo mbolea yenyewe inaiongeza katika udongo, kwa kuwa kila mbolea ya chumvichumvi ya kiwandani huongeza kitu katika maji ya udongo. Cha tatu ni hatima yake shambani: inapotea hewani, inazama chini au inabaki kwenye mizizi. Cha nne ni gharama, ambayo nitaihesabu kwa kilo ya nitrojeni na si kwa mfuko, maana mifuko yote ina kilo 50 lakini ndani yake hailingani hata kidogo.

Kwanza, chumvi inafanya nini kwa vimeng'enya vya nafaka?

Watu wengi hudhani kwamba mmea unaostahimili chumvi una vimeng'enya vinavyostahimili chumvi. Mwaka 1972 Greenway na Osmond walilijaribu jambo hili huko Australia kwa kulinganisha vimeng'enya vya maharage na vya mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi, na wakakuta kwamba vikiwekwa kwenye maji ya chumvi ndani ya chupa, vya mimea hiyo sugu huzuiwa karibu sawa na vya maharage. Ustahimilivu unatokana na mmea kuifungia sodiamu ndani ya vihifadhi vikubwa vya seli na kuizuia isiingie mahali ambapo vimeng'enya vinafanya kazi. Hivyo swali la msingi kwa mbolea yoyote ni kama inausaidia mmea kuzuia sodiamu na klorini, au inauongezea mzigo.

Mzigo huo una sura tatu. Kwanza, sodiamu huchukua nafasi ya potasiamu, na vimeng'enya zaidi ya 50 vinahitaji potasiamu ili vifanye kazi sawasawa. Pili, klorini hushindana na nitrati, umbo mojawapo la nitrojeni linalonyonywa na mmea, kwenye milango ya mizizi, kwa hiyo nitrati inayofika kwenye majani hupungua. Tatu, mmea hufunga matundu ya majani ili kuokoa maji, mwanga unaendelea kupiga, na ndani ya jani huzalishwa aina za oksijeni zenye madhara. Hapo ndipo vimeng'enya vya ulinzi hutakiwa: supaoksaidi dismutasi hugeuza oksijeni hiyo kuwa haidrojeni peroksaidi, kisha katalasi na askobeti peroksidasi huiondoa. Mbegu sugu kwa kawaida huweza kuendeleza kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko mbegu dhaifu. Tukumbuke kwamba vimeng'enya hivi vyote ni protini, na protini haijengwi bila nitrojeni; mmea wenye njaa ya nitrojeni huingia vitani ukiwa na askari wachache.

Ugumu wa nafaka zetu kwa chumvi haulingani. Kwa viwango vinavyotumika sana, ambavyo Maas na Hoffman walivichapisha mwaka 1977, mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda), na mahindi ikipita 1.7, na kila desisimensi inayoongezeka hupunguza mavuno ya kila moja kwa asilimia 12 hivi. Mtama huvumilia hadi 6.8, ingawa ukishapita hapo huanguka kwa asilimia 16 kwa kila desisimensi. Kwa hesabu hiyo, udongo wa desisimensi 5 humpunguzia mkulima wa mpunga takriban robo ya mavuno, na wa mahindi takriban asilimia 40. Namba hizi ni za maji yaliyokamuliwa kutoka udongo uliolowa hadi kushiba. Maabara ikipima udongo uliochanganywa na maji mara tano ya uzito wake, namba inayoonekana kwenye karatasi huwa ndogo zaidi na lazima igeuzwe kwanza, vinginevyo mtu atajiona salama naye hayuko.

Urea

Urea ina asilimia 46 ya nitrojeni. Ikiingia kwenye udongo wenye unyevu, kimeng'enya kiitwacho ureasi, kinachotoka kwa vijidudu vya udongo na mabaki ya mimea, huivunja kwa siku chache kuwa amonia na kabonidayoksaidi. (Ureasi ndicho kimeng'enya cha kwanza kuwahi kutengwa kikiwa fuwele safi, James Sumner alifanya hivyo nchini Marekani mwaka 1926, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1946.) Chumvi nyingi hupunguza kasi ya ureasi ya udongoni, lakini haiisimamishi.

Katika jaruba lenye maji, zao la urea ni amoniamu, yaani amonia iliyochukua haidrojeni kutoka kwenye maji, na mpunga ni mmea uliozoea amoniamu. Mzizi wake unacho kimeng'enya cha glutamini sinthetasi cha kutosha kuiunganisha amoniamu na glutameti na kupata glutamini, kisha kimeng'enya cha pili, glutameti sinthasi, huendeleza mzunguko. Njia hii ni fupi: haina hatua ya kupunguza nitrati, ambayo hula nguvu nyingi. Tatizo ni kwamba kazi hii hufanyika zaidi mizizini na inahitaji sukari iliyotoka kwenye majani. Chumvi ikipunguza usanisinuru, sukari hupungua, amoniamu hurundikana, na hapo majaribio mengi huonyesha glutamini sinthetasi ikishuka huku kimeng'enya kingine, glutameti dihaidrojenasi, kikipanda kana kwamba mmea unatafuta mlango wa nyuma wa kuiondolea amoniamu. Kupanda huko kusichukuliwe kuwa dalili ya afya; mara nyingi huashiria kwamba njia kuu imezidiwa.

Kwa kigezo cha chumvi inayoongezwa, urea ina sifa njema. Katika kipimo ambacho nitrati ya sodiamu imepewa 100, urea ina 75 na SA ina 69, na mtu angeweza kusema zinakaribiana. Lakini ukigawa kwa nitrojeni iliyomo, urea huleta 1.6 kwa kila sehemu ya nitrojeni na SA huleta 3.3, yaani zaidi ya mara mbili.

Udhaifu wa urea uko kwenye hatima yake. Mchana wa jua kali, mwani ulio ndani ya maji ya jaruba hunyonya kabonidayoksaidi, uchachu wa maji hushuka, na amonia hupaa hewani. Anayemwaga urea juu ya maji na kurudi saa chache baadaye huku upepo umetulia anaweza kuisikia harufu yake. Katika udongo wa magadi hasara hiyo ni kubwa zaidi. Dawa yake inajulikana: kupunguza maji, kumwaga, kuchanganya na tope, kisha kurudisha maji, au kufukia chembe kubwa za urea kwenye kina cha sentimita 7 hadi 10 katikati ya mashina manne. Kufukia kunachosha mgongo na si kila familia ina mikono ya kutosha.

Kwenye mahindi ya nchi kavu hadithi inabadilika kidogo. Kwa kawaida bakteria wa udongo hugeuza amoniamu kuwa nitrati, lakini chumvi huwadhoofisha bakteria hao, hasa wale wa hatua ya mwisho. Mahindi yaliyopewa urea kwenye udongo wa chumvi hukaa muda mrefu zaidi yakilishwa amoniamu, jambo ambalo hayalipendi.

Urea inamfaa mkulima wa majaruba anayeweza kudhibiti maji na ambaye fedha yake ni ndogo.

SA

SA ina nitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Nitrojeni yote iko katika amoniamu tangu mwanzo, kwa hiyo haingojei ureasi, na njia yake ya vimeng'enya ni ile ile ya glutamini sinthetasi na glutameti sinthasi. Salfa yake nayo ina faida: mmea huihitaji kujenga sisteini na glutathaioni, ambayo ni sehemu ya ulinzi dhidi ya oksijeni yenye madhara. Kwenye mchanga wa pwani uliolimwa miaka mingi bila samadi, salfa inaweza kupungua, na hapo SA huonyesha matokeo ambayo urea haiyatoi.

SA pia huongeza uchachu wa udongo kuliko mbolea nyingine hizi. Katika udongo wa magadi hilo ni jema, kwa kuwa linapunguza upotevu wa amonia na kufungua zinki ambayo mpunga wa maeneo hayo mara nyingi huikosa. Lakini kwenye ardhi iliyokuwa mikoko, ambayo ikikauka huwa na uchachu wa kutisha, SA huongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Tena, salfati ikikaa chini ya maji yasiyo na hewa, vijidudu huigeuza kuwa haidrojeni salfaidi, gesi ya harufu ya yai bovu inayozuia upumuaji wa mizizi. Udongo wenye chuma kingi huinasa gesi hiyo. Mchanga mwepesi wenye chuma kidogo hauwezi. Mizizi ya mpunga ikiwa myeusi na yenye harufu hiyo, SA si mbolea ya kununua msimu huo.

Kwa chumvi inayoongezwa, SA ndiyo nzito kuliko urea, kama ilivyoelezwa. Kwa shamba linalosafishwa na maji ya mto kila baada ya siku chache, uzito huo hauna maana kubwa. Kwa kitalu cha miche ya majani mawili au matatu, umri ambao mpunga ni dhaifu sana kwa chumvi, una maana.

Inamfaa mwenye udongo wa magadi au wenye upungufu wa salfa, na ambaye maji yake yanapita na kutoka.

CAN

CAN ina nitrojeni asilimia 26 au 27, nusu ikiwa amoniamu na nusu nitrati, pamoja na kalisi kidogo. Nusu ya nitrati ndiyo inayoitofautisha, na hapa inafaa kukaa zaidi, kwa sababu ndipo uhusiano wa chumvi na kimeng'enya unapoonekana wazi.

Nitrati ikiingia kwenye seli hukutana na nitrati reduktasi, kimeng'enya chenye molibdeni na chuma, ambacho huigeuza kuwa nitriti. Nitriti, ambayo ni sumu, huingia kwenye kiwiti (sehemu ya kijani ya seli) na kugeuzwa mara moja kuwa amoniamu na nitriti reduktasi, kisha glutamini sinthetasi huendelea. Nitrati reduktasi haikai tayari ikisubiri. Mmea huitengeneza nitrati inapofika, na ikikosekana kimeng'enya hicho huvunjwa ndani ya saa chache. Ndiyo maana chumvi hukipunguza sana: klorini huziba njia ya nitrati mizizini, nitrati inayopanda majani inapungua, na kimeng'enya kinapungua nayo. Katika mahindi, sehemu kubwa ya upungufu huo hutokana na nitrati kutofika, zaidi ya chumvi kukizuia kimeng'enya moja kwa moja. Hili lina matumaini ndani yake, kwa kuwa kuongeza nitrati kwenye mizizi kunaweza kurudisha sehemu ya kazi iliyopotea na wakati huo huo kupunguza klorini inayoingia.

Kwa mahindi na ngano, majaribio ya kulinganisha yameonyesha kwamba mimea iliyolishwa amoniamu peke yake huumia zaidi kwa chumvi kuliko iliyolishwa nitrati, na mchanganyiko wa vyote viwili mara nyingi hufanya vizuri. Sababu mojawapo ni kwamba amoniamu hushindana na potasiamu kwenye mizizi, ile ile potasiamu ambayo sodiamu tayari inaipora.

Kalisi ya CAN husifiwa sana madukani. Ni kweli kwamba kalisi huusaidia utando wa mizizi kuchagua potasiamu badala ya sodiamu, lakini mfuko mmoja una kilo chache tu, na shamba la magadi hurekebishwa kwa jasi inayohesabiwa kwa tani. Asiinunue mtu CAN akidhani ananunua tiba ya chumvi.

Kwenye jaruba lililofurika, CAN hupoteza nusu ya thamani yake. Chini ya tabaka jembamba la juu hakuna hewa, na vijidudu hugeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni na naitrasi oksaidi ndani ya siku chache. Kwenye mchanga, mvua ya masika huizamisha chini ya mizizi.

CAN inamfaa mkulima wa mahindi au mtama wa nchi kavu, na mwanafunzi anayetaka kuchunguza nitrati reduktasi.

Hesabu ya mfuko

Tuseme lengo ni kilo 32 za nitrojeni kwa ekari. Mfuko wa urea una kilo 23 za nitrojeni, wa SA kilo 10.5 na wa CAN kilo 13 kwa daraja la asilimia 26. Zitahitajika urea mfuko mmoja na nusu kasoro, SA mifuko mitatu, au CAN mifuko miwili na nusu kasoro. Ili SA ilingane na urea kwa gharama ya nitrojeni, bei ya mfuko wake isizidi asilimia 46 ya bei ya mfuko wa urea. Kwa CAN, isizidi asilimia 57. Ni nadra kukuta hivyo, na kinacholipiwa juu ya hapo ni salfa, nitrati au usafiri.

Samadi na mboji sizihesabu kama mshindani wa nne. Hutoa nitrojeni polepole na hufungua udongo mzito ili chumvi isafishwe, lakini samadi ya zizini ina chumvi yake, hasa ile iliyorundikwa juani bila kunyeshewa. Itumike mapema kabla ya kupanda, pamoja na mojawapo ya hizi tatu.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Ikiwa una jaruba lenye maji ya mto ya kuaminika na chumvi chini ya desisimensi 3, urea ndiyo ya kufikiria kwanza, ikigawanywa mara tatu: miche ikishashika, wakati wa kuchipua machipukizi, na mwanzo wa kutunga suke. Ugawaji huu una uzito zaidi kwenye chumvi kuliko kwingine, kwa sababu amoniamu nyingi kwa mkupuo mmoja ndiyo inayoizidi glutamini sinthetasi ya mizizi iliyochoka.

Ikiwa jaruba lako ni kati ya desisimensi 3 na 6, mbegu ina uamuzi mkubwa kuliko mbolea. TXD 306, ile inayoitwa SARO 5, inapendwa sokoni lakini haikuzalishwa kwa ajili ya chumvi. Uliza mbegu za kundi la SATO, zilizozalishwa kustahimili chumvi. Kuhusu mbolea, chagua urea ya kufukia ikiwa udongo hauna magadi, au SA ikiwa una magadi na maji yanatoka vizuri. Usikuzie wiki ya bamvua wakati maji ya mfereji yamegeuka ladha: safisha kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, mwaga maji machafu, ndipo uweke mbolea.

Ikiwa unalima mahindi pembezoni mwa bonde, changanya: kianzio chenye fosforasi wakati wa kupanda, kisha CAN ya kukuzia kwa dozi mbili. Mvua ikiwa kubwa na udongo ni mchanga mtupu, weka urea iliyofukiwa kwenye dozi ya kwanza na CAN kwenye ya pili, mizizi ikiwa imeshaenea. Chumvi ikipita desisimensi 4, mtama utakulipa kuliko mahindi, na dozi ya nitrojeni ishuke kulingana na mavuno unayoyatarajia kweli.

Ikiwa hujui shamba lako lina chumvi kiasi gani, fedha ya mfuko mmoja itumike kwanza kupima. TARI Mlingano, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichopo wilayani Muheza, mkoani Tanga, hushughulika na udongo. Chukua sampuli wakati wa kiangazi na tena baada ya masika, kwa sababu tofauti ya misimu hiyo miwili hueleza kama chumvi inasafishika au imeganda.

Na ikiwa wewe ni mwanafunzi, linganisha vyanzo vyote kwa kiasi sawa cha nitrojeni na si kwa uzito sawa wa mbolea, na weka kundi lenye salfati isiyo na nitrojeni ili usiihesabie amoniamu kazi ya salfa. Majani ya kupima nitrati reduktasi yakatwe saa ile ile kila siku, jua likiwa limepanda kwa saa chache, kwa kuwa gizani kazi yake hushuka. Vipande vya jani huloweshwa kwenye maji ya nitrati ya potasiamu na kuwekwa gizani, kisha nitriti iliyotoka hutiwa kemikali zinazoigeuza rangi ya waridi na kusomwa kwenye mwanga wa nanomita 540. Pima na klorini ya jani hilo hilo. Bila namba hiyo hutajua kama kimeng'enya kimezuiwa na chumvi au kimekosa tu nitrati ya kukiamsha.